Ghala la kona ya Elm na Houston, na sakafu iliyolowa mafuta

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Dallas, Texas, huu mwaka wa sita, na kila mgeni anayekuja kutoka nyumbani lazima nimpeleke kwenye lile jengo la matofali mekundu, lililokuwa ghala la vitabu vya shule, ambako inasemwa risasi zilizomuua Rais Kennedy mwaka 1963 zilitokea. Mwezi uliopita alikuja mjomba wangu, ambaye maisha yake yote alikuwa mtunza stoo Mombasa. Hakulijali sana lile dirisha la ghorofa ya sita linalosemwa ndilo risasi zilikotoka. Aliniuliza maswali matatu na yote yakanishinda. Hii ilikuwa stoo ya serikali? Kabla ya vitabu waliweka mzigo gani humu? Na kwa nini hawakulibomoa, wakati mji mzima lazima ulilichukia? Nisaidie nimjibu, maana ananipigia simu kila Jumapili kunikumbusha.

Jibu: Marahaba, dada. Mjomba wako ana jicho la kazi yake. Wageni wengi hupanda juu, wakatazama dirisha, wakashuka na kupiga picha barabarani. Mtunza stoo huuliza kwanza mzigo, kwa sababu anajua mzigo huacha alama hata baada ya kuondolewa. Na kwenye jengo hili, alama iliyoachwa na mzigo wa zamani iliingia kwenye historia kwa njia ambayo watu hawaizungumzi sana. Nitafika huko.

Niyamalize kwanza yale mepesi. Serikali haikuwahi kuwa na stoo pale mwaka 1963. Jina la Texas School Book Depository linatudanganya sote, linasikika kama idara ya elimu, lakini ilikuwa kampuni binafsi iliyopokea vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji mbalimbali, ikavihifadhi, na kuvituma shuleni kadiri maagizo yalivyoingia. Tena haikuwa na jengo hilo. Ilikuwa mpangaji tu, na mpangaji mgeni, hata miaka miwili haijatimia. Serikali iliingia baadaye sana, na kuingia kwake ndiko kulikoliokoa jengo.

Sasa mzigo.

Mzigo wa kwanza ulikuwa plau. Reli mbili zilikutana Dallas, ile ya Houston and Texas Central iliyofika 1872 na ya Texas and Pacific iliyofika 1873, na mji mdogo ukageuka kuwa kituo cha biashara ya jumla kwa wakulima wa pamba wa eneo kubwa sana la Texas. Viwanda vya zana za kilimo vya kaskazini vikaleta matawi yao karibu na reli. Kampuni ya Rock Island Plow ya Illinois ilijenga ghala la ghorofa tano kwenye kona hiyo mwaka 1898, kwa ajili ya tawi lake la kusini. Mwaka 1901 radi ikalipiga, likateketea karibu lote. Hawakukata tamaa. Walijenga tena mwanzoni mwa karne ile, safari hii ghorofa saba, na hilo ndilo unalolipeleka wageni. Jengo la ng'ambo ya barabara ya Houston, ambalo leo linaitwa Dal-Tex, nalo lilijengwa mwaka 1902 kwa kampuni nyingine ya zana za kilimo. Kwa hiyo kona ile yote ilinuka chuma na grisi ya plau muda mrefu kabla haijawa mahali pa maombolezo.

Mwambie mjomba aukumbuke umbo la ndani: karibu futi 100 kwa futi 100 kila ghorofa, kuta nene za matofali, katikati nguzo za mbao nzito zimebeba boriti za mbao, na sakafu ya mbao juu yake. Hakuna vyumba. Madirisha mengi pande zote, si kwa ajili ya uzuri, ni ili kuli aweze kusoma maandishi kwenye kreti mchana bila taa. Hayo matao ya juu ya madirisha, yaliyojengwa kwa mtindo wa Kirumi, ni ya kumwonyesha mteja kwamba kampuni ina pesa. Ukilitoa hilo la matao, ni sanduku lenye nguvu. Sanduku lililojengwa kubeba vyuma vya plau halitashindwa na makopo, wala vitabu, wala makarani na makabati yao ya faili. Ninapofanya kazi ya kukarabati majengo ya zamani, ghala ndilo mgonjwa ninayempenda kuliko wote. Nyumba ya kuishi inakukatalia kila unapotaka kusogeza ukuta. Ghala halina ukuta wa kusogeza.

Miaka ya 1930 ilikuwa mibaya kwa kila mtu. Mwaka 1937 kampuni ya Carraway Byrd ililinunua jengo kwa mkopo, ikashindwa kulipa, na tarehe 4 Julai 1939 likauzwa kwa mnada. Aliyelinunua ni D. Harold Byrd, tajiri wa mafuta ya petroli. Huyu kumbuka jina lake, kwa sababu jengo litamtoka na kumrudia. Mwaka 1940 akalipangisha kwa John Sexton & Company.

Hapa ndipo mjomba wako angetega sikio. Sexton walikuwa wauzaji wa vyakula kwa jumla, makao yao Chicago, wateja wao hoteli, hospitali na mikahawa. Walikaa miaka 21, muda mrefu kuliko ile miaka minane hivi ya kampuni ya vitabu mara mbili na zaidi. Watu wa Dallas wakaliita jengo la Sexton, na hata mwaka 1963 wengine bado walikuwa wakiliita hivyo. Novemba 1961 Sexton wakahamia ghala jipya la kisasa nje kidogo ya katikati ya mji, na sababu ya kampuni za aina ile kuhama anaijua mtunza stoo yeyote: mzigo wa jumla ulishaacha reli ukahamia malori, na ghala la ghorofa saba linalotegemea lifti linakula muda. Ghala zuri la enzi ya lori ni la chini, pana, lenye milango mingi ya kushushia, na foklifti inatembea bila kusubiri lifti.

Wakaondoka na makopo yao. Mafuta yakabaki. Kwa miaka yote ile vyakula vilivyohifadhiwa ghorofa za juu vilikuwa vimevuja, na mbao za sakafu zikanywa mafuta hadi zikalowa.

Kampuni ya vitabu ilikuwa hapo ng'ambo tu, ghorofa ya chini ya jengo la Dal-Tex. Ilivuka barabara ikaingia kwenye jengo la Sexton baada ya ghorofa nne za chini kukarabatiwa: vizigeu vya ofisi, mazulia, viyoyozi, na lifti mpya ya abiria iliyoishia ghorofa ya nne. Wachapishaji wakapata ofisi zao humo. Ghorofa za juu zikabaki ghala kama zamani, unafika kwa lifti mbili za mizigo zilizokuwa upande wa nyuma, au kwa ngazi za kona ya kaskazini-magharibi. Yaani lilikuwa jengo nusu ofisi nusu stoo, makarani waliovaa tai chini, makuli juu.

Katoni za vitabu zikapangwa juu ya mbao zilizolowa mafuta. Hebu mwulize mjomba nini kinafuata. Katoni inanyonya, vitabu vinaharibika. Uongozi ukaamua kuifunika sakafu kwa plaiwudi, ghorofa moja baada ya nyingine. Kufikia Novemba 1963 ya tano ilikuwa imekwisha na kazi ilikuwa inaendelea ya sita. Msimu wa maagizo ya shule ulikuwa umepoa, kwa hiyo wafanyakazi wa stoo wenyewe ndio waliopewa nyundo, na wengine walitolewa kwenye ghala la pili la kampuni, mitaa michache kaskazini, waje kusaidia.

Ili kuweka plaiwudi upande wa magharibi, lazima katoni ziondoke upande wa magharibi. Wakazisogeza mashariki. Ndiyo maana siku ya mauaji upande wa kusini-mashariki wa ghorofa ya sita, wenye dirisha linalotazama barabara ya Elm, ulikuwa umejaa katoni zilizorundikwa juu ya nyingine, na mtu aliyechuchumaa nyuma yake asingeonekana na aliyepita katikati ya sakafu. Sisemi mafuta ya Sexton yalimuua rais. Nasema kwamba ukitaka kuelewa kwa nini kona ile ilijificha vile siku ile, kaanze na sakafu.

Lee Harvey Oswald, ndiye anayetajwa kuwa alimpiga risasi rais, aliajiriwa pale tarehe 16 Oktoba 1963, kwa dola 1.25 kwa saa, kazi yake kuchukua karatasi ya agizo, kupanda, kutafuta vitabu, kuvishusha vikafungwe. Angeweza kupangiwa lile ghala la pili, ambalo halitazami njia yoyote ya msafara. Msimamizi wa stoo, Roy Truly, ndiye aliyembakiza hapa, na njia ya msafara wa rais ilikuwa bado haijatangazwa.

Tarehe 22 Novemba, saa sita na nusu mchana, wafanyakazi watatu walikuwa ghorofa ya tano, ile iliyokwisha kupata sakafu mpya, wakitazama msafara kutoka madirisha yaliyo chini ya kona ile. Mmoja wao, Harold Norman, aliiambia Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali kuchunguza mauaji hayo, kwamba alisikia maganda ya risasi yakianguka sakafuni juu ya kichwa chake. Mwenzake Bonnie Ray Williams, mmoja wa wale waliokuwa wakiweka plaiwudi, alidondokewa na vumbi la dari kichwani. Ushahidi wa sakafu tena. Nani alikuwa peke yake au hakuwa peke yake siishughulikii hapa, Wamarekani wenyewe wameibishania miaka sitini na zaidi. Tume ya Warren ilisema ni Oswald pekee. Kamati ya bunge la Marekani ya mwaka 1979 ilisema huenda kulikuwa na njama, lakini nayo ikakubali kwamba Oswald alifyatua risasi kutoka ghorofa ya sita. Kwa historia ya jengo, hilo linatosha.

Jambo linalowashangaza watu ninapowaeleza ni kwamba biashara iliendelea. Kampuni ya vitabu haikuhama kesho yake wala mwaka uliofuata. Iliendelea kupakia vitabu vya hesabu na vya kusoma humo humo hadi 1970, huku barabarani watu wakisimama wakitazama juu. Kwetu sisi, ambako kuanzia Kisumu hadi Mombasa utawakuta akina Kennedy waliozaliwa baada ya msiba ule, ni vigumu kuwaza ofisi inayofungua milango kama kawaida chini ya dirisha lile. Lakini kodi ni kodi.

Mwaka 1970 Byrd akaliuza, kwa dola 650,000, kwa Aubrey Mayhew, mtu wa biashara ya muziki kutoka Nashville aliyekuwa akikusanya vitu vya Kennedy. Alitaka kufungua makumbusho. Pesa hazikutosha. Mwaka 1972 kuna mtu alijaribu kulichoma moto, mwaka huohuo Mayhew akashindwa kulipa, na jengo likamrudia Byrd. Katikati ya vurugu hizo kuna kisa cha dirisha. Byrd aliagiza dirisha la kona ling'olewe akalipeleka nyumbani kwake. Mayhew naye akadai kwamba dirisha halisi analo yeye. Kwa hiyo kuna madirisha mawili yenye hadithi moja, na familia mbili zilizoshikilia kila moja lake. Ng'oa dirisha kwenye ghala lenye madirisha mengi yanayofanana na utaona ilivyo rahisi kubishana.

Sasa nafika swali la tatu, na hapa nina maoni yangu.

Ni kweli kulikuwa na watu waliotaka libomolewe. Dallas ilikuwa ikiitwa mji wa chuki katika magazeti ya nchi nzima, na wapo waliodhani kwamba jengo likiondoka na aibu itaondoka. Meya wa miaka ile, Wes Wise, ambaye mwaka 1963 alikuwa mwandishi wa habari mjini humo, alikuwa miongoni mwa waliopinga lisibomolewe. Mwaka 1975 halmashauri ya mji ikatangaza eneo zima la maghala, West End, kuwa la kihistoria. Lakini tangazo pekee halizuii mvua kuingia kwenye paa. Jengo tupu la mbao linakufa lenyewe hata usipoligusa, na hili lilikuwa tupu, limeshachomwa mara moja, na mmiliki wake alikuwa mzee aliyelichoka.

Kilicholiokoa ni jambo la kawaida kabisa. Kaunti ya Dallas ilihitaji ofisi. Mahakama na masijala zake zilikuwa pale pale jirani, jengo lilikuwa imara, na mwaka 1977 wapiga kura wakaidhinisha kaunti ikope fedha za kulinunua. Ghorofa tano za chini zikakarabatiwa, likafunguliwa mwaka 1981 kama jengo la utawala la kaunti, na makamishna wakafanya vikao vyao humo. Bango kubwa la matangazo ya magari ya kukodi lililokuwa juu ya paa, lenye saa na kipimajoto, ambalo unaliona kwenye picha zote za 1963, lilikuwa limeshaondolewa mwaka 1979 kwa sababu lilikuwa linaliumiza paa. Makarani, wahasibu, watu wa vibali: hao ndio waliowasha taa na kuziba mabomba.

Ukitaka kupima nisemalo, tembea mitaa michache ndani ya West End hiyo hiyo hadi kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha biskuti na pipi cha Brown. Mwaka 1986 liligeuzwa soko la burudani, maduka, mikahawa na umati wa Ijumaa usiku. Kila mtu alilisifu kama mfano wa namna ya kufufua ghala. Mwaka 2006 likafungwa, likaja kuwa ofisi baadaye. Starehe ina msimu wake. Karani wa kaunti hana msimu.

Na ghorofa ya sita? Kaunti haikuigusa. Ilifunga mlango. Katika miaka yangu yote ya kazi hii nimeona wakandarasi wakiharibu zaidi kwa bidii kuliko kwa uvivu, na uamuzi wa kuiacha sakafu ile wazi, bila vizigeu, bila dari ya kuning'inia, bila rangi, nauhesabu kuwa bora kuliko yote yaliyofanywa humo. Walinunua muda. Wakati huo wageni walikuwa wanaingia chini kila siku wakiuliza njia ya kwenda juu, na wafanyakazi hawana la kuwajibu. Lindalyn Adams, aliyeongoza tume ya historia ya kaunti, akaanza kutafuta fedha na kushawishi mji ambao sehemu kubwa yake haikutaka hata kulisikia jambo hilo. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi. Makumbusho ya ghorofa ya sita yalifunguliwa tarehe 20 Februari 1989.

Angalia ufundi wake. Ghorofa ya sita ilikuwa na makumbusho, ghorofa tano za chini zilikuwa na ofisi za serikali. Mtu aliyekuja kuomboleza na mtu aliyekuja kwa shughuli za kaunti hawakuweza kubanana kwenye lifti moja. Kukata tundu jipya la lifti kupitia sakafu saba za mbao kungeharibu kile kile walichokuwa wanakihifadhi. Wakajenga mnara wa lifti nje, upande wa nyuma, pamoja na jengo dogo la mapokezi. Mnara wenyewe si mzuri, sitakudanganya. Lakini umekaa upande ambao hauonekani ukiwa barabara ya Elm, na siku moja wakitaka kuuondoa utaondoka bila kulijeruhi ghala. Juu, nguzo na boriti zimeachwa wazi uzione. Kona ya kusini-mashariki imepangwa katoni upya kwa kufuata picha za siku ile, na imezungushiwa kioo. Hakuna anayesimama dirishani kwenyewe, na ninaona hilo ni sahihi. Ghorofa ya saba nayo ikafunguliwa kwa maonyesho mwaka 2002.

Eneo lote la Dealey Plaza, jengo likiwemo, likawekwa kwenye daraja la juu la maeneo ya kihistoria ya taifa mwaka 1993. Kwenye kibao cha chuma kilicho ukutani chini utaona neno moja la Kiingereza lenye maana ya "inadaiwa" limekwaruzwa na wapita njia hadi limeng'aa kuliko maneno mengine. Mpige mjomba picha hapo akija tena.

Na akija, mwambie lifti aliyopanda haikuwapo mwaka 1963, hivyo asiifikirie kama njia ya mtu yeyote wa siku ile. Apite moja kwa moja hadi kona ya kaskazini-magharibi, kwenye ngazi za zamani. Bunduki iliokotwa karibu na hapo, kati ya katoni, na wengi hupapita haraka kwa sababu macho yao bado yako dirishani. Jumapili akikupigia, mwulize na yeye: pale Mombasa, mafuta yalipomwagikia mbao za stoo yake, walifanya nini?